Brad Thorn, mshika mbili asiyeponyokwa

Mwishoni mwa mwaka 2001 wateuzi wa All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, walimweka Brad Thorn kwenye kikosi cha kwenda ziarani Ireland, Scotland na Argentina. Thorn akakataa. Sababu haikuwa jeraha. Alikuwa ndio kwanza ametoka Australia, amemaliza msimu wake wa kwanza katika raga ya wachezaji 15, na hakuwa na hakika kama ataendelea kuicheza. Akaona si haki kuivaa jezi nyeusi ilhali moyo wake bado unasitasita. Kuna watu New Zealand wanaomaliza ujana wao wote wakiitafuta jezi hiyo wasiipate, na huyu mgeni aliyepewa bure aliirudisha.

Uamuzi ule, kwa maoni yangu, unaeleza vizuri kuliko medali zake zote kwa nini alifanikiwa pale ambapo wengi waliomzidi kipaji wamekwama.

Ukianzisha mjadala wa wachezaji waliohama kati ya raga ya 13 na raga ya 15, jina la kwanza kutajwa huwa ni Sonny Bill Williams. Naelewa. Sonny Bill alikuwa na mikono ya mchawi, alipanda ulingoni kupigana ndondi, na kila alipohama magazeti yalihama naye. Lakini swali la nani alivutia macho zaidi si sawa na swali la nani alifanya kazi ngumu zaidi, na kwa hili la pili jibu langu ni Thorn. Wala simtaji kwa ajili ya kabati la vikombe, ingawa kabati lenyewe si la mchezo: ubingwa mara nne na Brisbane Broncos katika raga ya 13 (1997, 1998, 2000 na 2006), ubingwa wa Super Rugby, ligi ya raga ya 15 ya kusini mwa dunia, na Crusaders ya New Zealand mwaka 2008, Kombe la Dunia na New Zealand mwaka 2011, kisha Kombe la Ulaya na Leinster ya Ireland mwaka 2012. Katikati ya hayo aliichezea Queensland kwenye mapambano ya majimbo na New South Wales, akaichezea Australia katika raga ya 13 mwaka 1998, halafu akaja kuichezea New Zealand, alikozaliwa, mechi 59 za kimataifa katika raga ya 15.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu alizishika mbili kwa zaidi ya miaka 20.

Ili ugumu wa alichokifanya uonekane, lazima tuangalie tofauti ya michezo hii miwili, maana mtazamaji wa kawaida huiona kama ndugu wa tumbo moja. Ndugu ni kweli, ila waligombana zamani. Mwaka 1895, hotelini huko Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama kikuu cha raga kwa sababu wachezaji wao, wengi wao vibarua wa viwandani na migodini, walitaka kufidiwa ujira waliopoteza kwa kuacha kazi na kwenda kucheza. Chama kilishikilia kwamba mchezo ni wa ridhaa. Waliojitenga wakaanza kuubadilisha mchezo wao, na kufikia mwaka 1906 walikuwa wamepunguza wachezaji hadi 13 kila upande. Kwa karibu karne nzima mlango kati ya nyumba hizo mbili ulifunguka upande mmoja tu. Ukitoka kwenye raga ya 15 ukaenda kulipwa kwenye ya 13, hurudi. Jonathan Davies wa Wales aliondoka mwaka 1989 kwenda Widnes, klabu ya raga ya 13, na hakuweza kurejea hadi raga ya 15 yenyewe ilipokubali malipo mwaka 1995.

Thorn alianza kuichezea Broncos mwaka 1994. Angezaliwa miaka kumi mapema, hadithi hii isingekuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu tunapenda kudhani mafanikio ni juhudi tupu, na wakati wa kuzaliwa nao una fungu lake.

Turudi uwanjani. Katika raga ya 13, mchezaji akishaangushwa ugomvi wa mpira umekwisha. Anainuka, anauchezesha mpira nyuma kwa mguu, na timu yake inaendelea mpaka iangushwe mara sita. Wapinzani wanatakiwa kurudi nyuma mita kumi. Skramu, ule msukumano wa wachezaji wa mbele wa kuanzisha upya mchezo, ipo, lakini ni kama salamu ya heshima tu, kwani karibu kila mara mpira hutoka upande ule ule ulioutia. Mchezaji wa mbele kazi yake ni kubeba mpira kichwa mbele, kugongana, kukaba, kurudi nyuma, kusogea mbele, kugongana tena.

Katika raga ya 15, kuangushwa ndio mwanzo wa ugomvi. Hapo juu ya aliyeanguka inatokea raki, yaani msongamano wa kugombea mpira, na raki ni dunia nzima yenye sheria zake: nani ana haki ya kuushika mpira, ameingilia mlango gani, bado yuko kwa miguu yake au ameshalala, refa anaona nini na refa huyu huwa haoni nini. Mchezaji aliyeukulia mchezo huo huamua ndani ya nusu sekunde kama aingie au abaki pembeni kulinda. Aliyetoka raga ya 13 hana kumbukumbu hiyo mwilini. Huingia akiwa amechelewa au huingia pasipomhusu, na penalti inapigwa.

Sasa ongeza skramu ya kweli, watu wanane wakisukumana na wanane, na ongeza lainauti, ambapo mtu ananyanyuliwa hewani na wenzake kuudaka mpira unaorushwa kutoka pembeni. Raga ya 13 haina kitu kama hicho kabisa. Na katika nafasi zote 15, ni ya loki, wale wawili warefu wa safu ya pili, ambayo imesimama juu ya mambo hayo yote matatu kwa pamoja: raki, skramu, lainauti. Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa Brad Thorn akiwa na miaka 26, baada ya misimu saba ya mchezo ambao haukumfundisha hata kimoja kati yake.

Wengine walipitia wapi? Angalia fainali ya Kombe la Dunia ya 2003 pale Sydney, Uingereza wakishinda 20-17 dhidi ya Australia. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, zilikuwa mbili tu. Ya kwanza alifunga Lote Tuqiri, aliyeruka juu ya Jason Robinson na kuudaka mpira wa kiki ndefu. Ya pili alifunga Robinson mwenyewe. Tuqiri alitoka Broncos, Robinson alitoka Wigan. Wendell Sailor na Mat Rogers, nao waliotoka raga ya 13, walikuwa upande wa Australia siku hiyo hiyo. Wanne hao wote ni watu wa nyuma, mawinga na walinzi wa mwisho. Kule nyuma kasi ni kasi, na kupiga chenga ni kupiga chenga, sheria ziwe zipi. Robinson alihitaji kujifunza mambo, lakini kile kilichomfanya Robinson awe Robinson alikuja nacho ndani ya buti zake.

Thorn naye alikuwepo kwenye mashindano yale, kwani hatimaye aliikubali jezi nyeusi mwaka huo wa 2003, miaka miwili baada ya kuikataa. Safari ya New Zealand iliishia nusu fainali kwa kipigo cha 22-10 kutoka kwa Australia. Hakuna aliyemzungumzia sana, na hilo ni jambo jema kwa loki. Loki akitajwatajwa na watangazaji, mara nyingi amekosea.

Je, wale wachezaji wa mbele wa raga ya 13 walioshawishika kuhama? Hapa ndipo napoona makosa yakijirudia mpaka yanachosha. Sonny Bill alikuwa wa safu ya pili kwenye raga ya 13, akahamia kucheza senta. Andy Farrell, nahodha wa Wigan na wa Uingereza Kuu, kigogo wa mbele, alijiunga na Saracens, klabu ya raga ya 15, mwaka 2005, akaishia kuichezea Uingereza mechi nane kama senta wa ndani, mwili ukiwa umeshachoka kwa majeraha. Makocha waliwatazama watu hawa wenye kilo zaidi ya mia na wenye kujua kupasi, wakahesabu miaka itakayohitajika kuwafundisha raki na lainauti, wakaona njia ya mkato ni kuwapeleka katikati ya uwanja ambako mambo hayo hayawabani sana. Kwa Sonny Bill njia ya mkato ilifanya kazi, kwa sababu ile pasi yake ya mkono mmoja akiwa anaanguka, mabeki wawili wamemning'inia, ilikuwa kitu ambacho raga ya 15 haikuwa na dawa yake. Kipaji kama hicho huchimba mlango mahali palipo na ukuta. Si cha kila mtu.

Kisa kinachoniuma ni cha Sam Burgess. Oktoba 2014 aliiongoza South Sydney kutwaa ubingwa wa Australia wa raga ya 13, akicheza karibu mechi nzima ya fainali na mfupa wa shavu uliovunjika kwenye mgongano wa kwanza kabisa, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Wiki chache baadaye yuko Bath, klabu ya raga ya 15 ya Uingereza. Bath walimjaribu senta, kisha wakaona anafaa flanka, mmoja wa wachezaji wa mbele, na kwa maoni ya wengi, mimi nikiwemo, hapo ndipo alipoanza kupata nafuu. Kisha kocha wa Uingereza, Stuart Lancaster, akamchukua kwenye Kombe la Dunia la 2015 kama senta. Yaani klabu yake inamfundisha kazi moja, taifa linamtaka kwa kazi nyingine, na mwalimu wa zote mbili ni kalenda. Alianza mechi dhidi ya Wales ambayo Uingereza walipoteza 28-25, wakafuata kuchapwa 33-13 na Australia, na wenyeji wa mashindano wakatoka katika hatua ya makundi. Kabla ya mwaka kwisha Burgess alikuwa amesharudi South Sydney, mkataba wake na Bath haujaisha, huku lawama za nchi nzima zikiwa zimemlalia yeye.

Lawama hizo hazikuwa za haki. Hakuna mechi Burgess aliyoicheza vibaya kiasi cha kustahili kubeba mzigo ule. Alichokosa ni kile ambacho Thorn alijipa mwenyewe, muda. Kati ya Thorn kuanza raga ya 15 na kuichezea All Blacks kwa mara ya kwanza ilipita miaka miwili, na ni yeye aliyeamua ipite. Burgess alipewa chini ya mwaka, na hakuwa na sauti, au kama alikuwa nayo hakuitumia. Ni vigumu kumlaumu. Ukipigiwa simu ya Kombe la Dunia nyumbani kwenu, ni wangapi watajibu kwamba wasubiri kidogo?

Mnamo Novemba 2024 Joseph Suaalii alitoka Sydney Roosters ya raga ya 13 na moja kwa moja akaichezea Australia pale Twickenham, mechi yake ya kwanza ya kulipwa katika raga ya 15, akang'ara kwenye ushindi wa 42-37 dhidi ya Uingereza. Wapo waliosema basi nadharia ya muda imekufa. Haijafa. Suaalii aliicheza raga ya 15 shuleni akiwa bado kijana, na alipangwa nyuma, nafasi ya senta wa nje, ambako urefu wake na uwezo wa kudaka mipira ya juu vilikuwa silaha tangu dakika ya kwanza. Huyo alirudi kijijini kwao, hakuhamia.

Kitu kingine kinachosahaulika kuhusu Thorn ni kwamba alirudi nyuma. Baada ya msimu wa 2004, akiwa na umri wa miaka 29, alirejea Broncos kwa kocha Wayne Bennett. Kurudi si rahisi kama inavyodhaniwa. Mwili wa loki hujengwa kwa kusukuma na kunyanyua, nguvu nzito za sekunde chache. Mwili wa mtu wa mbele kwenye raga ya 13 unatakiwa kurudi nyuma mita kumi na kuja mbele mita kumi, tena na tena, mara nyingi bila nafasi ya kuvuta pumzi, kwa sababu hakuna lainauti ya kumpa mtu nusu dakika ya kufunga kamba za viatu. Wengi wanaorudi huonekana wazito. Mwaka 2006 Thorn alikuwa kwenye kikosi kilichoishinda Melbourne Storm 15-8 katika fainali, na hiyo ndiyo medali yake ninayoiheshimu kuliko hata ile ya Kombe la Dunia.

Msimu wa 2007 ulipokwisha akavuka tena. Mwaka 2008 alitwaa ubingwa na Crusaders na kurudi All Blacks akiwa na miaka 33, umri ambao maloki wengi huanza kutafuta mkataba wa mwisho Ufaransa au Japani. Raga ya 13 haikuwa imemtoka kabisa. Mwaka huo huo, kwenye mechi na Afrika Kusini, alimnyanyua nahodha wao John Smit na kumbwaga chini baada ya filimbi kupigwa, akafungiwa wiki moja. Nadhani adhabu ilikuwa ndogo. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha kwamba mtu hahami mzima mzima. Mikono ilikuwa bado na tabia za Brisbane.

Fainali ya 2011 pale Eden Park aliianza, miaka 36, sambamba na Sam Whitelock aliyekuwa kijana wa miaka 23. New Zealand walishinda 8-7 dhidi ya Ufaransa katika mechi mbaya kuitazama na tamu kuishinda. Trai pekee ya wenyeji, ile ya Tony Woodcock, ilitokana na lainauti. Ushindi wa nane kwa saba hupatikana kwenye raki na skramu za dakika 20 za mwisho, mahali ambapo kamera haioni vizuri na mchezaji hapati jina. Huko ndiko Thorn alikokuwa akiishi.

Halafu ikaja Leinster, ambayo mimi huiita kibarua cha miezi mitatu. Alikuwa Japani, Leinster wakapungukiwa na loki, akaja kuziba pengo mwanzoni mwa 2012 na kuondoka na Kombe la Ulaya baada ya kuwachapa Ulster 42-14 Twickenham. Akaenda Highlanders, akaenda Leicester, akastaafu mwaka 2015 akiwa na miaka 40.

Mtu anaweza kunipinga hivi: Thorn hakubadilisha chochote. Sonny Bill, aliyemaliza na mechi 58 za All Blacks, moja pungufu ya Thorn, aliwafanya watoto wajaribu pasi ambazo makocha walikuwa wakizikataza. Nakiri hoja hiyo ina uzito. Hakuna mtoto aliyewahi kwenda uwanjani kuiga namna Brad Thorn anavyosafisha raki. Lakini mjadala wetu ni wa kuhama, na kuhama ni kuacha ulichokijua na kujifunza usichokijua. Kwa kipimo hicho Sonny Bill aliuhamisha mchezo uje kwake. Thorn aliufuata mchezo ulipo, akakaa chini akafundishwa.

Ukali huo wa kujibana mwenyewe haukumsaidia sana alipogeuka mwalimu. Aliifundisha Queensland Reds kuanzia 2018 hadi 2023, na mwanzoni tu alimweka kando Quade Cooper, mmoja wa mafundi wakubwa wa pasi ambao jimbo hilo limewahi kuwa nao, Cooper akabaki kucheza raga ya klabu za mjini. Ubingwa wa Super Rugby AU, toleo la Australia la ligi hiyo, ulikuja mwaka 2021 kwa 19-16 dhidi ya Brumbies, kisha mambo yakapoa. Kuna makocha wanaojua kuishi na fundi mvivu. Yeye hakuwa mmoja wao.

Sitarajii kumwona mwingine wa aina yake hivi karibuni, na sababu ni ya kimahesabu. Chama au klabu ya raga ya 15 ikiwa na fedha za kumng'oa nyota wa raga ya 13, itamnunua winga au senta, kwa sababu huyo anauza tiketi Jumamosi ya kwanza. Loki wa kununuliwa kutoka raga ya 13 anahitaji misimu miwili ya kufundishwa lainauti kabla hajaanza kurudisha gharama, na mikataba mingi ya wahamaji ni ya miaka miwili au mitatu. Hakuna mhasibu atakayeipitisha hesabu hiyo. Thorn alipita kwa sababu alikuwa tayari kuutumia mwaka wake wa kwanza kama mwanafunzi, na Crusaders ya wakati ule, iliyokuwa imeshashinda mataji matatu mfululizo kati ya 1998 na 2000, ilikuwa na utulivu wa kumsubiri.